Kukubali Kushindwa Hujengwa

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia Afrika Mashariki, methali moja hurudi midomoni mwa watu: asiyekubali kushindwa si mshindani. Utaisikia kwa maaskofu na masheikh, kwa makamanda wa polisi wa mikoa, kwa wenyeviti wa tume za uchaguzi, na zaidi kwa wagombea ambao tayari wana uhakika wa kushinda. Methali hiyo inakaa vizuri uwanjani, ambako aliyefungwa ameliona bao kwa macho yake, mashabiki wake wameliona, na mwamuzi alikuwa hatua chache kutoka golini. Uchaguzi wa rais hauko hivyo. Kenya ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura mwaka 2022, na hakuna binadamu aliyeweza kuwa katika vyote. Aliyeshindwa huletewa habari ya kushindwa kwake kwa karatasi na takwimu, kutoka kwa watu ambao mara nyingi wameteuliwa na mpinzani wake, kisha hutakiwa asimame mbele ya mamilioni ya wafuasi na kuwaambia warudi nyumbani. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba uwezo wa kufanya hivyo hautokani hasa na moyo wa mtu. Hujengwa miaka kabla ya siku ya kura, katika sheria, katika fomu, katika mahakama na katika hali inayomsubiri aliyeshindwa. Nchi isiyoujenga haina haki ya kumdai mtu ukomavu siku ya matokeo.

Ushahidi mzuri zaidi ni ule unaomhusu mtu mmoja katika nyakati mbili. Zanzibar ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza baada ya kurejea kwa vyama vingi, Oktoba 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa kupata asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8. Pengo lilikuwa la kura zisizofika 2,000. Maalim Seif alikataa matokeo hayo, na wawakilishi wa chama chake wakasusia vikao vya Baraza. Muafaka wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1999 kwa upatanishi wa Jumuiya ya Madola, lakini haukutekelezwa. Uchaguzi wa 2000 ukavurugika, na Januari 2001 polisi waliua waandamanaji zaidi ya 30, wengi wao Pemba, huku watu zaidi ya 2,000 wakivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, kuomba hifadhi. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa imezalisha wakimbizi wake yenyewe. Mwaka 2005 matokeo yakakataliwa tena. Kisha, katika uchaguzi wa Oktoba 31, 2010, Ali Mohamed Shein akatangazwa kupata asilimia 50.1 na Seif asilimia 49.1. Tofauti ilikuwa tena ya kukatia kwa wembe. Safari hii Maalim Seif alikubali, akampongeza mwenzake hadharani, na Wazanzibari wakalala salama.

Anayesema kukubali ni tabia atueleze tabia ya Maalim Seif ilibadilika lini. Alikuwa mwanasiasa yule yule, akiongoza chama kile kile, katika visiwa vile vile, na pengo la kura lilikuwa dogo nyakati zote mbili. Kilichobadilika kiko wazi kwenye kumbukumbu. Novemba 2009 yeye na Rais Amani Abeid Karume walikutana Ikulu wakaanza kile ambacho Wazanzibari wenyewe wanakiita Maridhiano. Julai 31, 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66 kati yao wakakubali kuwapo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa kabla ya uchaguzi, ili chama kinachoshika nafasi ya pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri wagawanywe kwa uwiano wa viti. Kabla ya hapo, kushindwa Zanzibar kulimaanisha kupoteza kila kitu: ajira serikalini, nafasi ya sauti yako kusikika, na kwa baadhi ya Wapemba hata hisia kwamba serikali ni yao pia. Baada ya hapo, aliyeshindwa alibaki na mahali pa kukaa.

Kenya inatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Desemba 30, 2007 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi jioni na akaapishwa Ikulu muda mfupi baadaye, giza likiingia, kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kuuliza swali. Mpinzani wake Raila Odinga na chama chake cha ODM walikataa matokeo, wakakataa pia kwenda mahakamani. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika wiki zilizofuata na mamia ya maelfu wakahama makwao. Wapo waliowalaumu ODM kwa kutoitumia mahakama, na lawama hiyo inasikika kuwa ya haki mpaka uangalie mahakama ilikuwa imefanya nini kabla ya hapo. Kenneth Matiba alipopinga ushindi wa Daniel arap Moi wa mwaka 1992, kesi yake ilitupwa kwa sababu hati ilisainiwa na mkewe. Matiba mwenyewe alikuwa amepatwa na kiharusi baada ya kuwekwa kizuizini na serikali ile ile. Mpinzani mwingine alipopinga uchaguzi wa 1997, kesi ilitupwa kwa sababu hati haikukabidhiwa Moi mkononi, kana kwamba raia wa kawaida angeweza kupenya walinzi wa rais akamshikisha karatasi. Mlalamikaji huyo alikuwa Mwai Kibaki. Kwa hiyo pande zote mbili za mwaka 2007 zilijua vizuri kwamba mlango ule unafunguka kwenye ukuta. Mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, siku chache baadaye alisema hajui kama Kibaki alishinda, na tume ya uchunguzi ya jaji Johann Kriegler ikahitimisha kwamba hesabu zilichafuka kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alikuwa mshindi. Katika hali hiyo kumwambia mtu akubali ni kumwambia akubali nini hasa?

Miaka mitano baadaye Raila alishindwa tena, na kwa namna ya kuuma zaidi: Uhuru Kenyatta alivuka nusu ya kura kwa asilimia 50.07. Lakini sasa ilikuwapo Katiba ya 2010. Ibara ya 140 inampa mtu siku saba za kufungua kesi baada ya matokeo kutangazwa, na inaipa Mahakama ya Juu siku 14 za kuiamua. Wakati huo wote hakuna anayeapishwa. Machi 30, 2013 majaji wakaitupa kesi. Raila akatoka mbele ya waandishi akasema hakubaliani na sababu nyingi za mahakama, lakini ataheshimu uamuzi, na akamtakia mpinzani wake heri. Kibera na Kisumu kulikuwa na hasira na vurugu za hapa na pale, lakini janga la 2008 halikurudi. Kwa ulinganisho huu na ule wa Zanzibar, maelezo ya tabia yanaishiwa nguvu. Watu ni wale wale. Nyumba waliyomo ndiyo iliyobadilika.

Kauli ya Raila ya mwaka 2013 inatufundisha pia nini tunachokidai tunapodai mtu akubali. Wahubiri wengi wa amani huzungumza kana kwamba aliyeshindwa anapaswa kuridhika rohoni, aamini kwamba alishindwa kihalali na asifurukute tena. Hilo ni dai kubwa mno, na halihitajiki. Ghana ilipita humo humo mwaka huo huo: Nana Akufo-Addo alipinga uchaguzi wa Desemba 2012, kesi ikaendelea kwa miezi minane ikirushwa moja kwa moja na televisheni, na Agosti 29, 2013 aliposhindwa alisema haafiki uamuzi ila anaupokea, kisha akampigia simu mshindi, John Mahama, kumpongeza. Kukubali kwa maana inayolinda nchi ni tendo la hadharani: mtu anaacha kugombania kiti kile kwa muhula ule na kuwaelekeza wafuasi wake kwenye uwanja unaofuata. Imani yake anabaki nayo, na ulimi wake pia. Tukidai zaidi ya hapo tunadai watu waseme uongo juu ya mioyo yao, na hatutapata kitu cha kudumu. Ndiyo maana siyaoni maandamano ya upinzani Kenya mwaka 2023 kuwa ushahidi kwamba Raila hakukubali uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Septemba 2022 uliothibitisha ushindi wa William Ruto. Yaligharimu maisha ya watu, na kwa hilo polisi na viongozi wana maswali ya kujibu, lakini kudai tume ifungue mitambo yake miezi kadhaa baadaye ni jambo tofauti na kuzuia mtu kuapishwa.

Sasa tuingie ndani ya kituo cha kura, maana huko ndiko kukubali kunakoanzia. Kituo kikifungwa Kenya, msimamizi hufungua sanduku mbele ya mawakala wa vyama, hukunjua karatasi moja moja, huiinua waione, na kutaja jina lililowekewa alama. Karatasi yenye utata hujadiliwa papo hapo. Hesabu ikikamilika hujazwa Fomu 34A, mawakala hutia saini, na asiyetaka kusaini hutakiwa aandike sababu. Nakala moja hubandikwa mlangoni, na picha ya fomu hutumwa kwa kifaa cha elektroniki. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa jimboni ni ya mwisho na makao makuu hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Mwaka 2022 tume ilipiga hatua nyingine: ikaweka picha za fomu zote kwenye tovuti iliyo wazi kwa mtu yeyote. Vyombo vya habari, vyama, na vijana wenye kompyuta tu nyumbani wakaanza kujumlisha wenyewe. Ruto alipotangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hadharani. Katika mazingira ya 2007 mgawanyiko huo ungetosha kuichoma nchi. Lakini fomu zilikuwa mikononi mwa watu. Mahakama ilipozilinganisha na zile za asili haikuona tofauti ya maana, na majaji wote saba wakaafikiana. Mtu aliyekuwa na mashaka hakulazimika kumwamini mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, wala kamishna yeyote. Angeweza kwenda kwenye fomu ya kituo chake mwenyewe, pale alipopanga foleni, akaangalia kama namba ni ile aliyoiona mlangoni.

Ghana imeonyesha mwisho wa njia hii. Katika kesi ya 2013 shahidi mkuu wa walalamikaji alikuwa Mahamudu Bawumia, akipitia mamia ya fomu za vituo mbele ya majaji. Desemba 2024 Bawumia huyo huyo, wakati huo akiwa Makamu wa Rais na mgombea wa chama tawala, alijitokeza asubuhi baada ya kura akakubali kushindwa na Mahama kabla tume haijatangaza lolote. Alisema hesabu za chama chake zenyewe zilikuwa zimeonyesha. Hapa kuna jambo ambalo viongozi wa serikali zetu hawalitaki kulisikia: wakala wa upinzani aliyepewa nakala ya fomu ni mtu wa kwanza wa kumshawishi mgombea wake kwamba ameshindwa. Kumtoa wakala nje ya kituo, kumnyima fomu, kumkatalia barua ya utambulisho dakika za mwisho, ni kumnyang'anya aliyeshindwa njia pekee ya kuujua ukweli kutoka kwa mtu anayemwamini. Halafu tunamshangaa kwa kutoamini.

Tanzania imechagua njia nyingine kuhusu rais wa Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema kwamba mgombea akishatangazwa na tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Watetezi wa ibara hii wana hoja ambayo haifai kubezwa. Wanasema nchi haiwezi kukaa bila kujua nani rais wake. Kwamba majaji wachache wasiochaguliwa hawapaswi kufuta sauti ya mamilioni. Kwamba kesi huwasha joto la kampeni upya. Na kwamba Watanzania wamekaa kwa amani muda mrefu bila kesi hizo. Hoja ya muda imeshajibiwa na Kenya: siku saba na 14 si muda wa nchi kuyumba. Hoja ya majaji inasahau kwamba wajumbe wa tume nao hawakuchaguliwa na mtu, na kwamba jaji hulazimika kuandika sababu zake huku mwenyekiti wa tume akisoma namba na kuondoka. Kuhusu joto la kampeni, Kenya ya 2008 na Zanzibar ya 2001 zinaonyesha kwamba malalamiko yasiyo na mahakama hayapoi, hutafuta barabara. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Julai 15, 2020 katika kesi ya Jebra Kambole kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Serikali ilikuwa imeshatoa taarifa, Novemba 2019, ya kujiondoa kwenye tamko linaloruhusu raia kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Ibara ilibaki ilivyo.

Zanzibar ya 2015 inafunga mjadala huu kwa upande wangu. Kura zilipigwa Oktoba 25. Siku iliyofuata Maalim Seif alitangaza mwenyewe kwamba ameshinda, jambo ambalo hakuwa na mamlaka nalo kisheria. Oktoba 28 mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi wote wa Zanzibar kwa tangazo. Kura za rais wa Muungano zilizopigwa na watu wale wale, siku ile ile, katika vituo vile vile, hazikuguswa. Uchaguzi wa marudio wa Machi 20, 2016 ulisusiwa na CUF, na Shein akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 91. Katiba ile iliyoletwa na Maridhiano bado ilikuwapo, kiti cha Makamu wa Kwanza bado kilikuwapo kwenye maandishi, lakini havikusaidia kitu, kwa sababu hesabu yenyewe ilitoweka. Kwa hiyo haitoshi kumwandalia aliyeshindwa mahali pa kukaa ikiwa hakuna njia ya kujua nani ameshindwa. Mambo haya matatu, hesabu inayokaguliwa, mahali pa kulalamika, na maisha baada ya kushindwa, hushikana. Ukitoa moja mengine hulegea.

Hilo la maisha baada ya kushindwa linahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa ndilo lenye pingamizi kali. Gambia ilionyesha uzito wake ndani ya wiki moja. Desemba 2, 2016 Yahya Jammeh, aliyetawala kwa miaka 22, alimpigia simu Adama Barrow, aliyemshinda, mbele ya kamera akampongeza. Siku chache baadaye mmoja wa viongozi wa muungano ulioshinda alitamka hadharani kwamba Jammeh atashtakiwa. Desemba 9 Jammeh akageuka na kuyakataa matokeo, na aliondoka Januari 2017 tu baada ya majeshi ya ECOWAS kuingia nchini. Sitetei kwamba mtawala aliyetesa watu aachwe bila kushtakiwa. Nasema tu kwamba anayeona gereza au kaburi upande wa pili wa kushindwa atakuwa mgumu kukubali, na kwamba katika nchi ambamo aliyeshindwa hufilisiwa, hufungiwa biashara, hubambikiwa kesi au hulazimika kukimbilia ng'ambo, hata mgombea mwema asiye na damu mikononi atapigania kila kura kana kwamba anapigania pumzi yake. Kinyume chake ni Mahama, aliyeng'atuka mwaka 2017 baada ya kushindwa na kurudi Ikulu kwa kura miaka minane baadaye.

Pingamizi ni hili: je, tukianza kuwagawia walioshindwa vyeo, hatuwafundishi kukataa? Wakenya waliipa serikali ya mseto ya Kibaki na Raila ya 2008 jina la nusu mkate, na jina hilo lina uchungu ndani yake. Baadaye ikaja handsheki ya Machi 9, 2018 kati ya Uhuru na Raila, wiki chache baada ya Raila kuapishwa na wafuasi wake kama rais wa wananchi. Wapo wanaosema mtindo huu umewazoesha wanasiasa kupandisha bei: vuruga kwanza, uitwe mezani baadaye. Waliokufa hawaitwi mezani. Bunge nalo hubaki bila upinzani wa kuihoji serikali. Naona pingamizi hili lina ukweli mwingi, lakini halishughulikii tofauti iliyopo kati ya nusu mkate na utaratibu wa Zanzibar wa 2010. Wa Zanzibar uliandikwa kwenye katiba kabla ya kura, ukaidhinishwa na wananchi kwa kura ya maoni, na kila mgombea aliujua alipochukua fomu. Anayeshindwa chini yake hapati zaidi kwa kukataa kuliko kwa kukubali. Nusu mkate na handsheki yalikuwa makubaliano ya wakubwa baada ya damu kumwagika, na malipo yake yalitokana na ukubwa wa vurugu. Utaratibu wa Zanzibar hujenga kukubali; nusu mkate na handsheki hukununua. Tena cheo si njia pekee. Ruzuku ya chama inayolipwa kwa wakati, uongozi wa kamati za bunge zinazokagua hesabu za serikali, halmashauri na kaunti zenye bajeti zao, redio zinazompa nafasi aliyeshindwa: haya yote humfanya mtu aone kwamba miaka mitano si milele. Ugatuzi wa Kenya, kwa udhaifu wake wote, umewapa watu wa upande ulioshindwa urais magavana wao wenyewe, na naamini umepunguza uzito wa kiti kile kimoja cha Nairobi kuliko mahubiri yoyote.

Atakayetaka kuipindua hoja yangu yote atanipeleka Marekani. Mwaka 2020 Donald Trump alikuwa na kila nilichokitaja. Kura zilihesabiwa na kurudiwa, Georgia ikazihesabu kwa mikono. Kesi zaidi ya 60 zilisikilizwa, nyingine na majaji aliowateua mwenyewe. Maisha yake baada ya urais hayakuwa na njaa wala kifungo kilichomsubiri siku hiyo. Hata hivyo alikataa, na Januari 6, 2021 wafuasi wake wakavamia Bunge. Basi tabia ina nafasi yake, na sikatai. Taasisi haziwezi kumlazimisha mtu kutamka neno la kukubali. Lakini tuangalie kilichofuata. Maofisa wa uchaguzi wa majimbo, baadhi yao wa chama chake, walisimama na hesabu zao kwa sababu zilikuwa zimekaguliwa. Makamu wake akathibitisha matokeo. Mpinzani wake akaapishwa siku iliyopangwa. Kukataa kwa mtu mmoja kuliiumiza nchi bila kubadilisha nani anaongoza. Katika nchi isiyo na hesabu ya kukaguliwa, kukataa kwa mtu mmoja na kuibiwa kwa kura za watu wote vinafanana sura, na raia hana namna ya kuvitofautisha. Hesabu iliyo wazi ndiyo inayotuwezesha kusema kwa haki kwamba huyu amekosa uungwana, na yule amedhulumiwa.

Linabaki suala la amani. Katika kila uchaguzi wetu hutokea kampeni inayowataka wagombea waahidi mapema kuyapokea matokeo yoyote yatakayotangazwa. Nia ya wengi wanaoiongoza ni njema, na kwa watu waliozika ndugu zao mwaka 2008 hofu hiyo ina msingi. Lakini ahadi ya namna hiyo ni sawa na kutia saini ya kupokea mzigo wakati lori bado liko njiani. Humwondolea anayehesabu sababu ya kuhesabu kwa uangalifu. Kinachoweza kuahidiwa kwa heshima ni utaratibu: nitapokea hesabu niliyoweza kuikagua, na nitapeleka malalamiko yangu mahakamani badala ya barabarani, mradi mahakama ipo. Tanzania Bara, Aprili 2025, CHADEMA ilikataa kutia saini maadili ya uchaguzi ikidai mageuzi kwanza, ikatangazwa kuwa haitashiriki uchaguzi. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, akaenguliwa. Oktoba 29 vijana waliingia barabarani Dar es Salaam na miji mingine, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje ikatolewa, na watu wakauawa kwa idadi inayobishaniwa hadi leo. Mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Katika hesabu hiyo mtu mmoja muhimu alikosekana: mshindani mwenye uzito ambaye angeweza kushindwa. Kazi ya aliyeshindwa katika demokrasia ni kupeleka habari ngumu kwa watu wake na kuwaomba wavumilie. Ukimwondoa mapema ili asikusumbue, umemwondoa pia mtu pekee ambaye vijana wale wangemsikiliza usiku ule.

Na kuna upande ambao methali yetu haiugusi kabisa, wa aliyeshinda. Naye ana kitu cha kukubali, na mara nyingi hukikataa bila mtu kumhubiria. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi Septemba 1, 2017 kwa kura nne dhidi ya mbili, Uhuru Kenyatta alisema ataheshimu uamuzi, na siku hiyo hiyo akawashambulia majaji kwa maneno makali mbele ya umati. Wiki chache baadaye, kabla ya uchaguzi wa marudio, wabunge wa upande wake walipitisha marekebisho ya sheria za uchaguzi yaliyofanya iwe vigumu zaidi kwa mahakama kufuta matokeo. Uchaguzi wa marudio ulifanyika Oktoba 26 bila Raila, chini ya asilimia 40 ya wapiga kura wakajitokeza, na mshindi akapata asilimia 98. Marekebisho yale yalipingwa mahakamani, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu vyake kadhaa. Bila uamuzi huo, fomu zilizowekwa wazi mwaka 2022 zingepelekwa mbele ya majaji waliofungwa mikono.